Washington Phillips na Madhehebu ya Nyumbani Kwetu

Tarehe 5 Desemba 1927, katika mji wa Dallas, jimbo la Texas, mkulima mmoja Mweusi aliyeitwa Washington Phillips aliketi mbele ya kipaza sauti cha kampuni ya Columbia na kuimba wimbo mrefu ambao ulilazimika kugawanywa katika pande mbili za santuri moja. Santuri za wakati ule zilibeba takriban dakika tatu kila upande, na mwimbaji mwenye beti nyingi kwa kawaida alipunguza baadhi yake ili wimbo utoshe upande mmoja. Phillips alipewa pande zote mbili, nami nashukuru, kwa sababu mambo anayoyapanga ndani ya wimbo huo hayavumilii kukatwa katikati. Wimbo wenyewe unaitwa «Denomination Blues», na unazungumzia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: jinsi wafuasi wa Kristo walivyogawanyika katika makanisa mengi, kila kanisa likiwa na sharti lake la kuingilia mbinguni.

Phillips alikuwa na umri wa miaka 47 siku hiyo. Alizaliwa mwaka 1880 katika kaunti ya Freestone, mashariki mwa Texas, akaishi maisha yake karibu yote katika kijiji cha Simsboro na mji mdogo wa Teague, akilima na kuhubiri bila kuwa na mimbari yake mwenyewe. Columbia, chini ya mtayarishaji wake Frank Walker, ilikuwa ikituma mafundi na mitambo kwenda miji ya kusini mwa Marekani kurekodi waimbaji Weusi, kwa ajili ya santuri zilizouzwa kwa wanunuzi Weusi. Siku mbili tu kabla ya wimbo huo, katika mji huo huo na kwa kampuni hiyo hiyo, Blind Willie Johnson alirekodi nyimbo zake sita za kwanza, zile za sauti nzito ya kukwaruza na gitaa linalolia, ambazo leo zinajulikana duniani kote. Anayezisikiliza santuri za watu hao wawili kwa mfululizo atashangaa kwamba zote zinaitwa bluzi za injili. Johnson anaimba kama mtu anayepigania roho yake. Phillips anaimba kwa sauti nyepesi, tulivu, karibu ya mazungumzo, na chini ya sauti hiyo kuna nyuzi nyororo za chombo kisicho gitaa wala kinanda. Gazeti la Teague lilikuwa limemwandika mapema, mwaka 1907, likikieleza chombo alichojitengenezea kwa sanduku na nyuzi za fidla, ambacho alikiita manzarene. Msomaji aliyewahi kuisikia ala ya nyuzi iitwayo kanuni katika taarabu ya Unguja atautambua ukoo huo wa sauti mara moja, ingawa Phillips anazigusa nyuzi zake kwa wepesi zaidi, bila mapambo, akiyaacha maneno yatangulie.

Niliusikia wimbo huo kwa mara ya kwanza redioni, ndani ya gari, nikitoka zamu ya usiku katika hospitali ninakofanya kazi ya uuguzi hapa Dallas. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili na kipindi kilikuwa cha nyimbo za zamani za injili. Phillips anaanza kwa kusema kwamba watu hawaielewi Biblia kwa namna moja, kisha anayataja makanisa ya jirani zake moja baada ya jingine. Wabaptisti wa Kale wanaamini kwamba mtu hafiki mbinguni bila kutawadhwa miguu. Wabaptisti wa Misheni wanataka mtu azamishwe majini, lakini habari ya miguu hawana haja nayo. Wamethodisti wa A.M.E. (African Methodist Episcopal, kanisa la Wamarekani Weusi) wananyunyizia maji kichwani, na miguu nao wameiacha. Wamethodisti wengine wa Kiafrika wanaamini yale yale, tofauti ikiwa ni jina tu. Watu wa Utakatifu, yaani wa vuguvugu la Holiness, wamekuja wakisema kwamba inawezekana kuishi juu ya dhambi. Kanisa la Mungu limeamua moyoni kwamba mbinguni kunafikika bila divai ya Meza ya Bwana. Baada ya kila ubeti inarudi kauli ile ile, kwamba ni hayo tu, ila ni heri uwe na Yesu, ni hayo tu.

Nilikuwa nimefika nyumbani kabla wimbo haujaisha, nami nikabaki ndani ya gari nikiumalizia, kwa sababu niliona kwamba mtu huyu wa Texas ameitaja mitaa ya kwetu.

Nilizaliwa Vihiga, magharibi mwa Kenya, mahali ambapo watu wamesongamana sana na makanisa vilevile. Baba yangu alikuwa wa Kanisa la Marafiki, ambao wengi huwaita Quakers, wenye makao yao ya kale Kaimosi. Marafiki hawabatizi kwa maji wala hawashiriki mkate na divai. Wanafundisha kwamba ubatizo ni wa Roho na kwamba ushirika wa kweli na Kristo hufanyika moyoni, ndani ya ukimya na maombi. Jeshi la Wokovu, lenye ngoma na sare zake, nalo halibatizi kwa maji. Upande wa Bunyore, huko Kima, kuna Kanisa la Mungu, ambalo huzamisha waumini na kufundisha kutawadhana miguu kama Bwana alivyowafanyia wanafunzi wake katika Yohana 13. Nyang'ori kuna Wapentekoste, wanaozamisha na kunena kwa lugha. Waanglikana hubatiza watoto wachanga kwa kuwamwagia maji kichwani, na Wakatoliki pia. Jumapili asubuhi barabara zetu zilijaa makundi yaliyopishana, watu wa ukoo mmoja wakisalimiana kwa furaha na kuachana njia panda kila mmoja akielekea kwake. Kwa hiyo kila ubeti wa Phillips ulikuwa na jirani yangu ndani yake, na ubeti ule wa watu wanaodhani mbinguni kunafikika bila divai ungeweza kabisa kumhusu baba yangu.

Baadaye nilipofuatilia tarehe, niliona kwamba jambo hilo lina sababu yake. Wamarekani watatu wa Kanisa la Marafiki waliianzisha misheni ya Kaimosi mwaka 1902, Phillips akiwa kijana wa miaka 22 mashambani Texas. Kanisa la Mungu lenye makao yake Anderson, Indiana, liliichukua kazi ya Kima katika miaka ya 1920, na katika miaka hiyo hiyo Wapentekoste kutoka Kanada wakajiimarisha Nyang'ori. Mabishano aliyoyasikia Phillips kwa jirani zake yalikuwa tayari yamevuka bahari, yakashuka Mombasa, yakapanda reli na kufika kwetu ndani ya kizazi kimoja. Mababu zetu walipokea Injili, na pamoja nayo wakapokea ugomvi ambao hawakuwa na sehemu yoyote katika kuanzishwa kwake. Hata wamisionari wenyewe waliuona uzito wa jambo hilo. Mwaka 1913 wajumbe wa misheni kadhaa za Kiprotestanti walikutana Kikuyu kutafuta namna ya kushirikiana, wakamaliza kwa kushiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, Mwanglikana mwenye msimamo mkali juu ya sakramenti, aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi kwa sababu ya mkutano huo, na mjadala ukafika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mlo mmoja wa mkate na divai uliitikisa Uingereza, na ulikuwa umeliwa umbali mfupi tu kutoka Nairobi.

Mama yangu alilelewa katika kanisa jingine, ambalo sitalitaja kwa sababu nalipenda na lina watu wema wengi. Alipoolewa na baba, wazee wa kanisa lake walilifuta jina lake katika orodha ya washiriki wa Meza, kwa hoja kwamba amekwenda kwa watu wasiobatiza. Kwa miaka mingi alitupeleka sisi watoto katika kanisa la baba, kisha siku za Pasaka alikwenda peke yake katika kanisa lake la zamani na kuketi benchi la nyuma, bila kusogea mbele wenzake walipoitwa. Nilipokuwa msichana mkubwa nilimuuliza kwa nini anajitesa hivyo. Alinijibu, «Mwanangu, walionifuta ni wazee. Mimi sijasikia Bwana akinifuta.» Hakuwa na uchungu katika sauti yake, jambo ambalo lilinishinda kulielewa hadi niliposikia mtu akiimba juu ya jambo hilo hilo kwa sauti ile ile.

Nataka nikae kidogo juu ya sauti hiyo, kwa maana naamini ndimo ujumbe wa kidini wa santuri hii ulimo zaidi ya penginepo. Nimesikia mahubiri mengi juu ya madhehebu, na mengi yao yameegemea mahali pawili. Wahubiri wengine husema kwamba njia ni moja na ni hii yetu, wengine wamepotea. Wengine husema kwamba makanisa yote ni sawa, hivyo tusiulizane maswali. Phillips hayuko hata pamoja kati ya hapo pawili. Anajua kabisa kila kanisa linaamini nini, na anakieleza kwa usahihi, kwa sentensi fupi ambayo mshiriki wa kanisa hilo angeweza kuikubali kuwa yake. Hamfanyi mtu yeyote kuwa mjinga. Anayeamini kutawadha miguu anatajwa kwa heshima ile ile anayopewa asiyeamini. Kisha anasema waziwazi kwamba madhehebu hayana haki ya kupigana, yanapaswa kutendeana mema, na kwamba ni sawa kusimama pamoja na ni kosa kusimama mbalimbali, kwa kuwa hakuna atakayeingia ila mwenye moyo safi.

Maneno hayo ya mwisho ameyachukua katika Mathayo 5:8, «Heri wenye moyo safi, maana hao watamwona Mungu,» na hapo ndipo wengi wanapomsoma vibaya, wakidhani kwamba anafungua mlango mpana. Mimi naona ameufanya mwembamba kuliko makanisa yote aliyoyataja. Kuzamishwa kunamalizika ndani ya dakika chache. Miguu hutawadhwa, divai hunywewa, jina huandikwa katika kitabu, na mzee wa kanisa anaweza kushuhudia kwamba yote yamefanyika. Moyo safi hauna cheti, hauna siku ya kukamilika, na hakuna mzee anayeweza kuuthibitisha kwa niaba ya mwingine. Mtu aliyetimiza masharti yote ya madhehebu yote anayoyataja Phillips bado atakuwa hajaligusa sharti hili moja. Kwa hiyo sikubaliani na wanaousifu wimbo huu kama wimbo wa uvumilivu peke yake. Ni wimbo wa hukumu pia, na hukumu yenyewe inawagusa hata wale wasio na dhehebu lolote wanaojivuna kwamba wameepukana na mabishano.

Inafaa kukumbuka aliimba wapi. Watu Weusi wa mashariki mwa Texas katika miaka ya 1920 walikuwa wamefungiwa nje ya karibu kila taasisi ya umma, na kanisa lilikuwa jambo pekee kubwa walilolimiliki na kuliendesha wenyewe. Katika vijiji vidogo vya wakulima wa pamba, kuyagawanya makanisa kulimaanisha kuugawanya msaada wa wagonjwa, mazishi, shule na ulinzi wa jirani kwa jirani. Tena migawanyiko mingine haikuwa imeanzia kwao. Wabaptisti wa Kale na wa Misheni waliachana mwanzoni mwa karne ya 19 kwa sababu ya mabishano juu ya jumuiya za kimisionari, wakati ambapo wazee wa Phillips walikuwa bado katika utumwa au hawajazaliwa. Alirithi ugomvi wa watu wengine, kama sisi wa Vihiga tulivyourithi.

Pamoja na hayo yote, kuna ubeti mmoja ambao siukubali wote, nao ni ule unaosema kwamba Wamethodisti wa Kiafrika hawana tofauti ila jina. Majina hayo yana historia nzito. Richard Allen na wenzake waliondoka katika kanisa la Kimethodisti la Philadelphia mwishoni mwa karne ya 18 baada ya waumini Weusi kuinuliwa kwa nguvu wakiwa wamepiga magoti katika maombi, na kutokana na safari hiyo ndipo lilipotokea kanisa la A.M.E. mwaka 1816. Kwetu pia Zakayo Kivuli alitoka kwa Wapentekoste wa Nyang'ori na kuanzisha kanisa la African Israel Nineveh mwaka 1942, lenye kanzu nyeupe, bendera na maandamano yanayoimba barabarani. Nilipokuwa mtoto niliyapenda maandamano hayo kuliko ibada yetu, na nikiwa mtu mzima nimeelewa kwamba waliotembea ndani yake walikuwa wakimwabudu Mungu bila kusubiri ruhusa ya mgeni. Kutengana kwingine kunatokana na kiburi, na kutengana kwingine kunatokana na mtu kukataa kudhalilishwa; Phillips, kwa haraka ya wimbo, ameviweka vyote katika kapu moja.

Niliyojifunza katika santuri hii yalijaribiwa hapa hapa Dallas. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna ushirika wa Jumapili jioni katika ukumbi wa kukodi. Ulianzishwa na Wakenya na Watanzania wachache, kisha wakaja ndugu zetu kutoka Kivu na Burundi, wengi wao wakiwa wamepitia kambi ya Nyarugusu huko Kigoma kabla ya kuletwa Texas. Lugha ndiyo iliyotukutanisha, na kwa muda mrefu ilitosha. Tuliimba tenzi tunazozijua sote, tukawaombea wagonjwa, tukachangiana mtu alipofiwa nyumbani. Asubuhi kila mmoja alikwenda kanisani kwake na jioni tulikuwa wamoja.

Mambo yalibadilika wazazi wawili vijana kutoka Tanzania, Walutheri, walipoomba mtoto wao mchanga abatizwe katika ushirika, mbele ya watu waliokuwa familia yao pekee katika nchi hii. Mzee mmoja kutoka Uvira, Mpentekoste, mtu wa maombi anayeheshimiwa na kila mtu, alisimama akasema kwamba mtoto asiyeweza kuamini habatizwi, huwekwa wakfu tu. Baba wa mtoto alijibu kwa adabu, kisha wengine wakajibu bila adabu. Wiki zilizofuata swali lilipanuka: je, waliobatizwa utotoni wanaruhusiwa kuigusa Meza ya Bwana pamoja na waliozamishwa? Jioni moja mzee huyo alinigeukia mimi, niliyekuwa nikisimamia ratiba, akaniuliza kwa upole kabisa, «Dada, wewe ulibatizwa wapi?» Nikamjibu kwamba mimi ni binti wa Marafiki na sijawahi kubatizwa kwa maji. Ukumbi ulinyamaza. Baadhi ya watu niliokuwa nimekula nao kwa miaka mingi walinitazama kama mgeni.

Katika mkutano wa kamati uliofuata nilipendekeza jambo ambalo nilikuwa nimelipata kwa Phillips. Kabla ya mtu kutetea imani ya kanisa lake, aeleze kwanza imani ya jirani yake kwa namna ambayo jirani huyo ataitikia kwamba ndivyo ilivyo. Tulikubaliana kujaribu. Mzee wa Uvira alipewa kuueleza ubatizo wa watoto. Alihangaika mwanzoni, kisha akafungua Mwanzo 17 na kueleza agano la tohara kwa mtoto wa siku nane, akaenda Matendo 16 kwa mlinzi wa gereza aliyebatizwa usiku ule ule, yeye na watu wake wote, baada ya tetemeko lililowafungua Paulo na Sila. (Katika safari hiyo hiyo ya Dallas, Phillips alirekodi pia wimbo juu ya Paulo na Sila gerezani, na nilifurahi kuona habari hiyo ikijitokeza mezani petu bila mimi kuitafuta.) Baba wa mtoto alisema kwamba hata mchungaji wake hajawahi kuueleza vizuri hivyo. Yeye naye akaeleza ubatizo wa walioamini kwa habari ya towashi Mkushi katika Matendo 8, aliyesikia, akaamini, akauliza ni nini kinachomzuia, ndipo akashuka majini. Mama mmoja kutoka Bukavu aliyepewa kuwaeleza Marafiki alinijia kabla ya mkutano, akaniuliza maswali kwa saa nzima, na alipozungumza juu ya ukimya wa ibada zetu nilimsikia baba yangu ndani ya maneno yake.

Sitaki kuandika kwamba mambo yalitengemaa. Familia kadhaa ziliondoka, nyingine kwa sababu tulizungumza sana na nyingine kwa sababu hatukufikia uamuzi waliouona kuwa wa Biblia. Tuliobaki tulikubaliana kwamba ushirika hautabatiza mtu. Kila mmoja atabatizwa au hatabatizwa kwa desturi ya kanisa lake, na Meza ya Bwana itaandaliwa makanisani. Nina maoni yangu juu ya makubaliano hayo: yametupa amani, lakini umoja ule ambao Bwana aliuombea katika Yohana 17 bado hatujaufikia, na sipendi tuuite hivyo kabla ya wakati. Paulo alipowauliza Wakorintho, «Je! Kristo amegawanyika?», hakuwa akiomba ratiba nzuri zaidi ya mikutano.

Upande wa pili wa santuri ni mkali kuliko wa kwanza, na wengi huuacha. Humo Phillips anawageukia wahubiri: wale wenye maneno makubwa waliolazimika kwenda chuoni kujifunza kuhubiri, wakati ambapo mtu hawezi kuhubiri asipotumwa. Anasema mtu anaweza kwenda chuo na shule anayoitaka, lakini bila Yesu atabaki mpumbavu mwenye elimu. Mimi niliyesomeshwa kwa mahindi na ng'ombe wa wazazi wangu nilisikia ukakasi nilipoyasikia maneno hayo, kwa sababu najua jinsi yanavyoweza kutumiwa na wachungaji wasiotaka kuulizwa swali. Hata hivyo ni lazima yasikilizwe kwa masikio ya Simsboro. Mhubiri asiye na mimbari, mwenye mikono ya mkulima, alikuwa akijitetea mbele ya watu waliomwona hastahili kusema, na alichokikataa ni majivuno ya elimu iliyotengwa na wito. Nimewaona wahudumu wa namna zote mbili kando ya vitanda vya wagonjwa wanaokata roho. Mwenye shahada na asiye nayo, na mgonjwa hutambua upesi nani ametumwa.

Anawagusa pia wanaorukaruka kutoka kanisa hili kwenda lile, akisema kwamba wongofu wao si wa kutegemewa. Ubeti huo ulinitatiza, kwa sababu wale waliomfahamu walisimulia kwamba yeye mwenyewe alionekana katika ibada za Wabaptisti, za Wamethodisti na za watu wa Utakatifu. Habari hizo zilichelewa kutufikia. Kwa miaka mingi vitabu vilimchanganya na mtu mwingine mwenye jina kama lake, aliyefariki katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Austin mwaka 1938, hadi mwandishi wa habari Michael Corcoran alipokwenda kuwatafuta watu wa Teague na kugundua kwamba mwimbaji wetu aliishi shambani kwake hadi mwaka 1954. Nikilinganisha ubeti ule na maisha hayo naona alitofautisha kuhama na kutembelea. Anayehama hulikimbia kanisa lililomkemea. Anayetembelea huketi na jirani yake katika ibada isiyo yake, akamsikiliza mpaka aweze kuieleza imani ya jirani huyo kwa sentensi moja ya haki. Bila kuketi katika mabenchi yale yote asingeweza kuutunga wimbo huu.

Alirekodi nyimbo 18 kwa Columbia kati ya mwaka 1927 na 1929, zote Dallas, na 16 kati ya hizo zimesalia. Mdororo mkubwa wa uchumi uliifunga biashara ile ya santuri, naye akarudi kulima. Mwaka 1938 mwimbaji wa injili Sister Rosetta Tharpe, binti aliyelelewa katika Kanisa la Mungu katika Kristo, mojawapo ya makanisa ya watu wa Utakatifu, aliuchukua wimbo wake, akaubadilisha beti na kuurekodi kwa gitaa lenye nguvu kwa jina «That's All». Maneno ya mkulima wa Freestone yalifika hivyo mbele ya watu ambao hawakulijua jina lake.

Mtoto wa wale wazazi vijana alibatizwa katika kanisa lao la Kilutheri, Jumapili ya mvua, na ushirika mzima uliobaki ulihudhuria. Mzee wa Uvira alikuja na mke wake, wakakaa mstari wa pili, wakaimba kila utenzi. Wakati wa chakula alimpakata mtoto kwa muda mrefu, akamwombea, kisha akawaambia wazazi kwamba yeye bado anaamini mtoto huyu atahitaji kubatizwa tena atakapokuwa na akili ya kuamini. Baba wa mtoto akamwambia, «Mzee, tutamlea aijue imani, naye akifika umri huo umuulize mwenyewe.» Mzee alikubali, akaomba aongezewe wali.